Kidani cha Malkia, Picha Nne

"Usiifungue, Ivyne! Hiyo kitu iko na miaka hamsini!"

Muigai alinipiga mkono kama mtoto aliyegusa sukari. Tulikuwa mkahawani Kimathi Street, mwaka wa 2006, na shingoni mwangu kilining'inia kidani cha dhahabu chenye picha ndogo ya malkia wa ng'ambo chini ya kioo.

"Malkia mwenyewe alipea cucu yangu, nyanya mzaa mathe, kumshukuru kwa kulea mtoto wake wakiwa safari huku," alisema. "Mathe alitaka msichana wa Loresho, kwa matajiri. Mimi nimekuchagua wewe wa Kangemi. Appreciate."

Nilishukuru. Nililia hata machozi, mjinga mimi. Jumapili hiyo angekuja kwetu Siaya kujitambulisha kwa baba, na wajomba walikuwa wameshaitwa.

Kesho yake, Ijumaa, kioo kiliota ukungu kwa ndani. Mimi hufanya kazi studio ya picha, Tom Mboya Street. Miezi minane tumependana na Muigai hajawahi kuniuliza ni duka gani, akiwa na marafiki husema tu "anauza kitu huko tao." Nilikifungua kidani kwa kisu kidogo ili nipanguse kioo.

Nyuma ya malkia paliandikwa 3108 kwa wino mwekundu. Ulikuwa mwandiko wa bosi wangu, ambaye huandika namba ya kazi nyuma ya kila picha anayotoa.

"Mzee Nthiwa, hii namba si ni yako?"

Alivaa miwani. "Ni yangu. Kuna kijana mmoja wa madharau alikuja Jumamosi. Alileta kalenda ya zamani yenye picha ya malkia, akasema nitoe huyo mama size ya passport."

Jumamosi siji kazini. Mimi ni Msabato.

"Alichukua ngapi?"

"Si unajua passport ni nne nne? Alibeba zote. Akauliza vidani vinauzwa wapi, nikamwonyesha River Road."

Nilimpenda yule mwanamume, na hata wakati huo nilitamani awe na jibu. Nikamtumia ujumbe: "Malkia wako alitoka mara nne. Moja niko nayo. Hizo tatu ziko na nani?"

Simu ililia papo hapo.

"Babe, nani anakudanganya? Ni wivu tu ya watu wa Kangemi!"

"Namba 3108, Muigai. Imepigwa kwa studio yenye nafanya kazi."

"Kwani unafanya studio?"

"Miaka mitatu. Hujawahi kuuliza."

Hapo sauti tamu iliisha.

"Na kama ni fake? Anita hakuuliza maswali. Nyawira alisema asante tu. Wewe ni nani ukague zawadi?"

"Hao ni wawili. Wa mwisho?"

"Achana na hiyo."

"Nimeachana na wewe. Mtu mzima unalala kwa mamako, unabeba kalenda tao ndio upendwe! Nilikuwa nakuogopa, nikidhani nyinyi ni watu wakubwa. Kumbe wewe ni bure kabisa."

Nilikata. Nikalia kidogo, nikapiga simu nyumbani.

"Baba, Jumapili hakuna mgeni."

"Amekuumiza?"

"Ndiyo, baba."

"Na mbuzi tumeshanunua, nyara, binti yangu. Wajomba wako wamefika."

"Mchinjeni. Nakuja na basi ya kesho jioni. Nyama ya huyo bwana nitakula mimi."