Hodi ya Tatu

Adhana ya Magharibi ilimkuta Kemunto kwenye duka la Bwana Jeilani, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akitaka betri mbili ndogo. Betri tu. Kitu ambacho mtu hununua akikikumbuka.

"Nafunga, mwalimu. Swala haingoji."

"Bwana Jeilani, nakusihi!"

"Wasihi kana kwamba ni dawa ya mgonjwa."

Laiti angejua. Mzee alichomoa betri za tochi yake mwenyewe, akamwekea kiganjani. "Zimechoka hizi. Mpya njoo uchukue nikitoka msikitini."

Kemunto alikata vichochoro vya mtaa wa Mkomani mbio hata punda wakampisha.

Mumewe, Hudson, alikuwa chali kitandani siku ya tatu, macho wazi, vidole vikibonyeza kimashine cha michezo. Hospitali ilimpima damu mara mbili isione kitu. Lakini betri zilipofifia, pumzi yake nayo ilififia. Zikibadilishwa, anapumua. Kemunto alifundisha hesabu. Jambo likitokea mara moja huliita bahati. Hili lilikuwa limetokea mara nne.

Kimashine walikikuta kwenye kidaka cha ukuta, katika chumba cha ndani kabisa cha nyumba waliyopangishwa na Bi Rawiya. Kilinukia asumini.

Na mchezo ulikuwa mtamu, tusidanganyane. Wa kizamani, picha za vijisanduku vya rangi, vitufe viwili tu. Hata nyanya yako angeuweza. Kijitu chenye kofia nyekundu kinatembea kijijini, kinasalimu watu, na kila mtu ana neno la kukuambia. Unaingia nyumba yoyote, unafungua sanduku, unachukua dawa au upanga, unatoka, na mwenyewe anakuita shujaa. Kemunto, aliyeudharau mchana, aliunguza ugali jioni akitafuta ufunguo wa kisima.

Alipoingia chumbani akihema, Bi Rawiya alikuwa ameketi kando ya mgonjwa. Kemunto aliziweka betri. Hudson akavuta pumzi... ndogo.

"Mumeo aliingia nyumba ngapi humo?" Bi Rawiya akanong'ona.

"Zote, Bi. Ndivyo unavyochezwa."

"Bila hodi?"

"Bi Rawiya, ni picha!"

"Ni picha kwako. Wenye nyumba hizo walikuwako kabla ya kimashine. Wamehamia tu, kama nyinyi." Akavuta leso yake. "Piga hodi tatu. Ukijibiwa, omba wako. Ya tatu isipojibiwa, shika ndia urudi. Hiyo ndiyo adabu."

Kiooni palikuwa na mlango mweusi tu, umefungwa. Kofia nyekundu ilikuwa imeingia humo juzi, haijatoka.

"Hodi," Kemunto akasema, akajionea aibu. Digrii nzima, inabisha mlango wa plastiki.

Muziki ulikatika.

"Hodi!"

Asumini ikajaa chumbani, nzito, hadi kooni. Kifua cha Hudson kilishuka... hakikupanda. Taa ya betri ya kimashine ikaanza kupepesa.

"Jamani! Hodi! Hakujua mna kwenu! Nirudishieni mume wangu, nawaomba..."

Herufi zikajiandika, moja moja.

K... A... R... I... B... U.

Mlango mweusi ukafunguka, akatoka mtu mmoja mle kiooni. Hapo hapo Hudson akavuta pumzi kama aliyeopolewa majini. Akaketi. Akatabasamu. Akainuka taratibu, akatoka kwenda kunawa uso, akaurudisha mlango nyuma yake.

Kemunto alilia kwa sauti, bila haya.

Bi Rawiya hakulia. Alikuwa anakitazama kimashine. "Huyu aliyetoka humu," akanong'ona, "kofia yake i wapi?"

Hakuwa na kofia.

Nyuma yake, kwenye kidirisha cha nyumba ile, palikuwa na kitone chekundu. Kikiruka. Kikigonga kioo.

Taa ya betri ikazimika.

Nyayo zilirudi ukumbini, zikasimama nyuma ya mlango. Hudson, katika miaka mitatu ya Lamu, hakuwahi kubisha mlango wowote, sembuse wake. Wala hakuwahi kujifunza Kiamu hata cha kuombea maji.

"Hodi, Bi," ikasema sauti yake. "Nipa ndia, nipite."

Bi Rawiya aliweka kidole midomoni. Kemunto akakikumbatia kimashine kilichokufa. Humo ndani, gizani, kuna mtu asiye na pumzi. Isipojibiwa ya tatu, yule wa nje ataondoka zake, na mwili wa Hudson juu yake kama kanzu ya kuazima. Ikijibiwa, ataingia aombe anachotaka...

"Hodi, Bi."

Upole ulioje. Hana haraka.

Msikitini walikuwa wamemaliza swala. Bwana Jeilani alikuwa anafungua duka. Betri mpya zilikuwa huko. Na ndia ya dukani ilikuwa moja tu, ikipita mlango ule.

Nje, mtu akakohoa kidogo, kusafisha koo.