Olive na Siri ya Trosa

"Gédéon, hii ni nini?"

Olive alikuwa amesimama katikati ya kidaraja cha mbao, simu yangu mkononi. Dakika moja kabla aliniomba apige picha ya bata mtoni, nami nikampa bila kufikiri. Sasa tabasamu lote lilikuwa limekauka.

"Nini tena, mpenzi?"

"Mama yangu amekuandikia. Nikusomee?"

Nilijua nimekwisha. Akasoma kwa sauti, mbele ya Waswidi waliokuwa wanakula aiskrimu kwenye benchi:

"Mwana wangu Gédéon, umeisha kumwambia Olive juu ya kazi na nyumba ya Trosa? Mi niliisha ongea na pasta. Harusi tarehe nane, mwezi wa kenda. Mungu awabariki."

Akanyanyua macho.

"Kazi gani? Nyumba gani? Harusi ya nani?"

Ngoja nieleze kabla hamjanihukumu. Mimi ni dereva wa basi, Sundbyberg, kando ya Stockholm. Olive ni mwuguzi msaidizi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Vällingby, na mkono wake ukimshika mgonjwa, hata mkali kuliko wote anatulia. Nimempenda miaka miwili. Jumamosi ile ya Julai nilimleta Trosa, saa moja hivi kwa basi kutoka Stockholm, kwenye mji mdogo wa pwani ambako watu wa jiji wamekuwa wakija kupunga upepo tangu enzi za mababu zao. Mto unapita katikati. Nyumba za mbao zina rangi ya siagi na waridi, kando ya maji kuna vibanda vyekundu vya mashua, na kila ua una maua mpaka yanamwagikia barabarani. Tangu tushuke Olive alikuwa anashangilia tu.

"Weee, tazama ile nyumba! Kama keki!"

Na moyo wangu ukawa unacheza, kwa sababu nilikuwa na siri. Kampuni moja ya mabasi ilikuwa imeniahidi kazi palepale Trosa, pamoja na nyumba ya vyumba viwili. Meneja alitaka jibu siku ileile, kabla ya saa kumi jioni. Mpango wangu ulikuwa Olive aupende mji kwanza, nimwambie wakati wa chakula.

Mamake nilishamwambia. Wiki mbili nyuma, Olive akiwa zamu, nilikwenda na wazee wawili wa kanisa kubisha hodi kwa Mama Madeleine, pale Rissne. Tulibeba kitenge na kreti za Fanta, kama inavyotakiwa kwetu Uvira, Kongo. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta. Nilirudi nyumbani kifua mbele, nikijiona mwanaume aliyelelewa.

"Olive, mi nilifuata desturi. Nilikwenda na wazee, na kitenge, na Fanta," nilisema pale darajani.

"Desturi? Umemposa mama yangu! Basi umuoe yeye!"

"Usiongee hivyo…"

"Asubuhi nzima unanionyesha maua na bata, kumbe unanionyesha mahali ulipokwisha kunipeleka! Pasta anajua. Wazee wanajua. Hata Fanta zimeisha kunywewa! Nani hajui? Mimi!"

Babu mmoja pale kwenye benchi akatikisa kichwa kunihurumia. Hakujua Kiswahili hata neno, lakini hasira ya mwanamke haihitaji mkalimani.

Olive akanirushia simu, akaondoka. Nikamfuata nyuma kama mbwa aliyeiba nyama. Alipita maduka, akapita uwanja, akaja kusimama nje ya kanisa. Alikuwa anahema.

Nilitafuta la kusema, nikashika lililokuwa karibu.

"Unajua, mwaka 1719 Warusi walikuja na meli wakachoma huu muji. Karibu wote. Kanisa hili likabaki."

"Nimesoma kwenye kibao. Usinifundishe historia leo."

Lakini Olive hawezi kuacha kitu kikishamgusa. Alikuwa na miaka sita nyumba yao ilipochomwa Uvira, na bado anakumbuka harufu.

"Halafu wakarudi?" akauliza, bila kuniangalia.

"Wakarudi. Wakajenga tena."

Akaweka kiganja kwenye ukuta wa kanisa, akakiacha pale muda.

"Wana moyo hawa watu," alisema polepole.

Nikapata nguvu za kijinga.

"Tena zamani muji wenyewe ulikuwa kule ndani. Nchi kavu ikawa inapanda, maji yanarudi nyuma, basi wakahama, wakaifuata bahari."

"Wote?"

"Nafikiri wote."

"Na wake zao waliambiwa lini? Siku ya kuhama, wakila aiskrimu?"

Olive akatoa simu yake, akampigia mamake na kuweka spika.

"Allô, ma chérie! Muko Trosa? Iko muzuri?"

"Iko muzuri sana, mamma. Juu ya nini hukuniambia?"

"Lakini Olive, kijana alikuja na wazee. Kwa heshima. Ningemfukuza?"

"Mamma, wewe uliulizwa? Wakati baba alikuja kuposa?"

Nilisikia maji ya bomba yakifungwa huko Rissne.

"Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba, natwanga majani ya sombe," Mama Madeleine alisema, na sauti yake haikuwa ile ya vigelegele. "Nikasikia wanaume wanacheka sebuleni. Basi nikajua nimeisha kutolewa. Baba yako nilimpenda, Mungu amrehemu. Lakini ile siku nililia ndani ya kinu."

"Hukuwahi kuniambia."

"Hukuwahi kuuliza." Akavuta pumzi. "Gédéon, uko hapo?"

"Niko, mama."

"Nilikuitikia mbele ya wazee. Leo nalirudisha lile neno langu. Kitenge chako utakikuta mlangoni. Usirudi kwangu mpaka huyu mtoto aseme ndiyo na kinywa chake. Unanisikia?"

"Nasikia, mama."

Akakata. Jamani, nikakaa kwenye ngazi za kanisa. Asubuhi nilikuwa na kazi, nyumba, mama mkwe na tarehe ya harusi. Sasa nilikuwa na tikiti ya basi ya kurudia.

Olive akaja kukaa, si karibu sana.

"Haya. Sasa niulize."

"Olive, utaolewa na mimi?"

"Wewe nakupenda. Kuolewa, ndiyo. Trosa…" Akatazama nyumba ng'ambo ya mto. "Mji ni mzuri mpaka unaumiza. Lakini sijui. Nina wazee wangu Vällingby, nina mama. Jibu halitoki leo."

"Yule meneja anataka jibu saa kumi. Zimebaki dakika ishirini."

"Usiniangalie mimi. Hilo ni lako."

Niliwaza ile nyumba ya vyumba viwili. Niliwaza njia ya pwani, na madereva wa pale nilivyowaona wakisalimiwa kwa majina, wakati mimi mjini naendesha siku nzima watu wakiangalia simu zao. Niliutaka mji ule jamani, niliutaka sana. Kisha nikapiga.

Nikamwambia meneja kwa Kiswidi, asante, lakini hapana. Akasema ni bahati mbaya. Nikasema ndiyo, ni bahati mbaya.

"Juu ya nini umekataa?" Olive aliuliza taratibu.

"Nikikubali sasa, wewe hutakuwa unajibu. Utakuwa unanifuata tu."

Alisogea, akanishika kwa mkono ule unaotuliza wagonjwa, nikalia kidogo, naomba msinicheke.

Mwezi wa kumi, Jumapili moja baada ya ibada, tulikuwa kwangu tunakula bugali. Kitenge alichonirudishia Mama kilikuwa bado kabatini, na tarehe ya harusi ilikuwa imepita tukingoja jibu la Trosa. Olive akasukuma bahasha pembeni ya sahani yangu.

"Fungua."

Ilikuwa barua ya Kiswidi. Niliisoma mara mbili. Nyumba ya kutunzia wazee, Trosa, imempa Olive kazi ya kudumu. Anaanza Januari.

"Umeomba lini?"

"Mwezi wa nane. Nilikwenda tena peke yangu, mara tatu. Nikaongea na wazee wa pale, nikakunywa kahawa yao, nikatembea mvua ikininyeshea, nione kama mji unapendeza hata bila jua."

"Na umekubali?"

"Niliisha kusaini juzi."

"Bila kuniambia mimi?"

"Bila kukuambia. Mama anajua. Pasta anajua." Akamega tonge, akachovya kwenye mchuzi, ananitazama. "Inauma, eeh?"

"Inauma, Olive! Inauma sana!"

"Vizuri. Sasa tunaelewana." Akaweka lile tonge chini, akanifutia mkono, akaushika. "Gédéon, nakuuliza wewe, siulizi mtu mwingine. Tutaoana, twende tukaishi Trosa?"

Nilisema ndiyo, mdomo umejaa bugali, na nikarudia tena baada ya kumeza ili asije akasema hakusikia.