Tabaka Lililofichwa

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Madoido alikuwa wa kwanza kuingia chumba cha sanaa. Alichagua kishikwambi kisicho na ufa kwenye kioo, akaketi dirishani, kisha akaanza kazi aliyoipenda kuliko kuchora: kuwacheka wenzake.

"Hicho ni kichwa au kiazi?" alimuuliza msichana wa pembeni yake, waliyembandika jina la Kobe kwa vile hakuwa na haraka na lolote.

"Ni duara tu kwanza," alijibu Kobe bila kuinua uso. "Macho yatakuja."

"Yatakuja lini, likizo?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Wiki ya nne hiyo Kobe anachora duara, anapima uso kwa mistari, anafuta, anarudia. Madoido alimwona kama mtu anayechota maji kwa uma. Picha yake yeye ilikuwa tayari: shujaa wa anime, zile katuni za Kijapani, macho yanametameta, nywele za zambarau zinapepea, rangi mpaka kwenye kope. Siku hiyo mwalimu angechagua picha ya jalada la jarida la shule, na Madoido alishamwambia mama yake apigilie msumari sebuleni wa kuitundikia.

Mwalimu wa sanaa akasimama nyuma yake. "Hii umeichora mwenyewe, mwanangu?"

"Mwenyewe, Mwalimu. Mimi si mtu wa viazi."

"Vizuri. Basi nichoree huyu huyu akitazama kushoto. Mistari tu, bila rangi."

Madoido akashika kalamu. Jicho la kwanza likawa kubwa kama sahani. La pili likaporomokea shavuni. Pua ikakosa pa kukaa.

"Samahani," Kobe akauliza taratibu, "hicho ni kichwa au..."

"Nyamaza wewe!"

Mwalimu akaifungua ile picha nzuri na kutazama matabaka yake, yaliyopangwa kama karatasi za kioo: mistari juu, rangi chini yake. Chini kabisa palikuwa na tabaka lenye alama ya jicho lililofumbwa. Akaligusa. Jicho likafumbuka, na hapo ikajitokeza picha ya mtandaoni, yenye sahihi ya mtu mwingine pembeni. Mistari ya Madoido ilikuwa imeifuata unywele kwa unywele. Kuificha alikumbuka, kuifuta alisahau.

Kicheko kikalipuka tena, safari hii kikimlenga yeye.

"Nimefuatisha, Mwalimu," alisema kwa shida. "Iondoeni kwenye jalada."

"Kufuatisha ili ujifunze si kosa," alisema mwalimu. "Kosa ni kuiita yako, kisha ukamdharau anayehangaika na ya kwake. Jalada litamngoja Kobe apake rangi."

Madoido akafungua ukurasa mtupu, akachora duara. Likapinda.

"Kiazi," alisema Kobe, akamsogezea kiti. "Njoo. Tuanze na mstari wa katikati."

Jioni mama alikuwa bado ameshika nyundo. "Iko wapi hiyo picha ya jalada?"

Madoido akasimulia yote, kisha akatoa karatasi aliyochapishiwa shuleni, yenye kichwa kilichopinda, kisicho na macho. Mama akakitazama kwa muda mrefu, akakitundika.

"Kibaya kweli," alisema, "lakini ni chako, na hakuna atakayekuja kukufichua. Chora kingine kesho. Msumari upo."