Chupa Aliyobebeshwa Joviale

Chupa ilikuwa na joto. Joviale aliigusa ndani ya kikapu akashangaa, maana dawa ilimolowekwa nyama ilikuwa baridi alipokabidhiwa.

Asubuhi hiyo mumewe, Viateur, alikuwa ametolewa uvimbe kwenye njia ya haja kubwa, bila kupasuliwa tumbo. Dokta alipitisha kamera na visu vidogo huko huko chini. Kisha, kama ilivyo desturi, nyama ya uvimbe ule, ndani ya chupa ya dawa, akapewa mke aipeleke labo ikapimwe.

"Angalia sana, mama," dokta alimwambia. "Labo ndiyo itatuambia kama mizizi yote imetoka. Ikibaki, itamuua."

Alipofika mtaa wa Majengo, harufu ya mawe yanayoungua ikapanda kutoka kikapuni. Kisha sauti ya mwanamke, polepole: "Viateur... bwana yangu..."

Nyiramahirwe! Mke wa kwanza, aliyemezwa na moto wa volkano ya Nyiragongo, hata mufupa wa kuzika haukuonekana. Miaka yote, waasi wakija, waasi wakiondoka, Viateur alikimbia na picha ya huyo marehemu kifuani. Na Joviale je? Joviale alibeba sufuria!

"Hata ndani ya matumbo yake ulikaa?" alinong'ona, akiinamia kikapu.

"Nilikuwa kwangu," sauti ikajibu. "Weye ndiye mupangaji."

Loo! Wivu ukampanda hadi macho yakaona giza, akasahau labo, akasahau dokta, akapanda pikipiki hadi ziwa la Lac Vert, na njia nzima ile sauti ikimwimbia bwana wake mapenzi, harufu ikimfuata, mpaka akafika ukingoni, akafungua kifuniko, akaitukana ile nyama matusi yote aliyoyameza tangu aolewe, akaimwaga majini. Mvuke ukamrudia usoni. Akaumeza.

Jioni dokta alimkuta kando ya kitanda cha Viateur.

"Mama, labo wamesema nini?"

"Nilitupa, dokta. Nisamehe. Nilitupa."

Dokta akashika kichwa. "Ulitupa! Sasa nitajuaje kama imebaki?"

Joviale akafungua kinywa ajitetee. Sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Imebaki, dokta."

Viateur, aliyekuwa ameelekea ukutani tangu atoke chumba cha upasuaji, akageuka. Akamtazama mkewe kwa furaha ambayo Joviale aliililia miaka yote ya ndoa yao.

"Umekawia, Nyira," akasema, akimwachia nafasi kitandani.