Unga wa Odeta

Gurudumu la baiskeli ya Mhoja lilikanyaga pindo la gauni jipya la Odeta katikati ya msongamano wa soko la Mirongo. Gauni likachanika.

“We kaka, huna macho?”

“Nilikuwa nayo, mrembo. Yamegoma tangu yakuone.”

Alaa! Mtoto wa watu akacheka, kwisha habari yake. Haikupita muda wakawa wanaitana asali.

Odeta alikuwa muuzaji katika duka la dawa, lililojaa vitu vya nje tangu serikali ifungue milango ya biashara. Mhoja, fundi baiskeli wa Igoma, alishindana mbio za baiskeli, na kila akipanda mlima mapaja yaliwaka moto. Odeta akampa kopo la unga wa wanamichezo.

“Kunywa kidogo kidogo kila siku, mpenzi. Sio muujiza wa leo. Subiri wiki kadhaa.”

Akasahau kumwambia kwamba ukizidisha, ngozi inawasha. Na Mhoja kwa pupa yake akajaza vijiko vya kufurika! Masikio yakachomachoma, shingo ikawa kama imepandwa na sisimizi. Dada yake Dorotea akapiga yowe:

“Limbwata hilo! Umelishwa, mdogo wangu!”

Siku zikapita, Mhoja haonekani dukani. Odeta akapiga simu karakana.

“Asali, umepotelea wapi?”

“Uliniwekea nini, Odeta? Kama ulinitaka, si ungesema tu?”

Simu ikakatwa. Iliuma, jamani! Kuitwa mchawi na mwanamume unayempenda! Odeta alilia, akanawa uso, akakumbuka onyo alilosahau kutoa, akaamua kwamba Mhoja haendi popote.

Siku ya mbio, Igoma ilifurika watu. Odeta akatokea na gauni jekundu lenye mabega ya kusimama, kopo mkononi.

“Shikamoo, dada Dorotea.”

“Marahaba,” Dorotea akajibu shingo upande.

Odeta akachota vijiko vya kufurika, akakoroga kwenye kikombe cha maji, akanywa wote mbele ya watu. Wakangoja. Kidogo kidogo mashavu yakaanza kumwasha, akajikuna bila aibu.

“Unga huu ukizidisha, unawasha! Haya, na mimi nimejilisha limbwata! Nimpende nani sasa? Nijipende mwenyewe?”

Watu wakaangua kicheko. Dorotea akashika mbavu. Mhoja akamsogelea, kichwa chini.

“Nisamehe, mpenzi. Nilikukosea sana. Nikishinda leo, naleta posa kwenu.”

“Ukishinda? Mimi si zawadi ya mbio, bwana. Posa utaleta hata ukiwa wa mwisho.”

Mhoja alimaliza wa saba. Washenga walifika kwa kina Odeta wiki iliyofuata, na aliyetangulia kubisha hodi alikuwa Dorotea.