Ukurasa wa Shukrani

"Kaka, umekanyaga harusi ya watu."

Mwanaume aliyeambiwa hivyo alibaki na mguu mmoja hewani. Pale Nasser Road, barabara ya wapiga chapa, saa nne ya asubuhi, mashine zikigonga ndani ya kila jengo na watu wakikimbia na marobota ya karatasi kichwani, nani huwa anaangalia anapokanyaga? Upepo ulikuwa umempokonya Zulaikha karatasi tatu za kadi za harusi alipokuwa akitoka kwa mkata karatasi. Mbili alizidaka. Ya tatu ilikuwa chini ya kiatu cha mgeni huyu, na jina la bwana harusi lilikuwa limepigwa muhuri wa soli.

"Pole, dada. Huyu bwana harusi atapona?"

"Huyo atapona. Mimi ndiye nitakayeuawa na mjomba."

Zulaikha alimtazama vizuri. Shati la kitenge limepigwa pasi hadi mikunjo inakata, na miguuni viatu vyeupe pe. Mkongomani tu ndiye atakayevaa viatu vyeupe katika barabara ya wino na matope. Yeye mwenyewe alikuwa na gauni refu la kijani, mtandio wa zambarau, na dole gumba lililoingia wino tangu mwaka juzi, wino ukakataa kutoka.

"Mie natafuta mtu wa kunitengenezea kava ya albamu," akasema Mkongomani.

"Basi umeshampata, na kazi yake umeshaikanyaga. Njoo juu."

Hivyo ndivyo Guerschom Mugisho, mzaliwa wa Bukavu, mkaazi wa Makindye kwa miaka tisa, mwimbaji wa rumba kule Kabalagala, alivyopanda ngazi za duka la uchapaji la mzee Abdul-Latif, mjomba wa Zulaikha. Albamu yake ya kwanza iliitwa *Ninakaa Hapa*. Sidii siku hizi nani anacheza? Alitaka kiboksi cha kadibodi, ndani flashi yenye nyimbo na kijitabu cha maneno yake, kitu ambacho mtu akikishika atajua ni cha Guerschom bila kuambiwa.

"Nataka picha yangu kubwa, miwani nyeusi, nyuma yangu gari."

"Gari unalo?"

"La kuazima."

"Na miwani?"

"Hiyo pia ya rafiki."

"Ssebo, bwana wangu, albamu inaitwa *Ninakaa Hapa* halafu kava imejaa vitu vya wenyewe. Sauti ni ya nani?"

"Ya kwangu."

"Haya, tuanzie hapo."

Wiki iliyofuata Zulaikha alikuja na tabaga ya bibi yake Nuriat wa Bombo, kile kifuniko cha chakula cha duara wanachosuka wanawake wa Kinubi, nyekundu na njano na zambarau zikikimbizana mpaka katikati. Akaichora mezani. Mfuniko wa boksi uwe tabaga. Mtu akifunua, afunue kama aliyewekewa chakula. Rangi hizohizo ziende kwenye bango, kwenye fulana na nyuma ya jukwaa.

Guerschom aliishika tabaga, akaigeuza upande wa pili.

"Watu wa kwenu hawatakasirika? Mkongomani kuvaa tabaga?"

"Bibi yangu anasukia wageni. Hasukii kabati."

Kuanzia hapo akawa anakuja kila Jumatatu kuangalia kazi, na siku ambazo si Jumatatu simu ilikuwa inafanya kazi yake.

"Zula, umekula?"

"Guerschom, umepiga kuhusu rangi au kuhusu chakula?"

"Kuhusu rangi ya chakula."

"Kata simu, bambi, tafadhali. Nina kazi."

Simu haikukatwa. Waliongea mpaka Hasifa, mwenzake wa meza ya pili, akaweka pamba masikioni.

Lakini neno lenyewe halikusemwa. Guerschom alikuwa mtu wa kanisa, Zulaikha alikuwa binti wa Kinubi ambaye wazee wake wangeuliza dini kabla ya kuuliza jina. Mjomba Abdul-Latif alimpenda Guerschom sana kama mteja. Mteja ni mteja, mkwe ni habari nyingine. Zulaikha alilijua hilo, akalimeza kila siku pamoja na chai ya saa nne.

Sasa, Zulaikha alikuwa na tabia moja ya kazi. Pale ambapo mteja hajaleta maneno, wengine hujaza herufi zozote ili kuona mistari inavyokaa. Yeye alijaza lililokuwa moyoni, kisha akalifuta maneno halisi yakifika. Alisema herufi zinakaa vizuri zaidi zikiwa na maana. Guerschom alikuwa hajaleta maneno ya shukrani ya ukurasa wa mwisho. Kila akiulizwa, ni kesho. Kwa hiyo siku moja, Zulaikha akaandika hapo:

*Akicheka nakata karatasi upande. Mwambieni asije Jumatatu, maana Jumapili sipati usingizi. Mwambieni asiache kuja.*

Na chini yake, kwa herufi ndogo, kama ilivyo desturi: *Usanifu: Zulaikha Marjan.*

Siku ya pruf, ile karatasi ya majaribio ambayo mteja husoma kabla ya mashine kuanza, mjomba alimwita Zulaikha chini kwenye mashine. Zulaikha alimwachia Guerschom karatasi na kalamu, akimkumbusha sheria ya barabara yao: aliyetia saini kwenye pruf amekubali kila kilichomo, hata kosa. Aliporudi, saini ilikuwa imeshatiwa.

"Umesoma yote?"

"Nimesoma."

"Na shukrani?"

"Shukrani iko sawa hivyo," akasema Guerschom, akiangalia mlangoni.

Zulaikha akadhani kwamba maneno yalishamfikia Hasifa kwa simu, na Hasifa ameyaweka. Mara nyingi ndivyo ilivyokuwa. Mjomba naye alipitisha kazi mashineni bila shida, kwa sababu mjomba husoma rangi, hasomi maneno. Viboksi mia tatu vikakunjwa, vikagundishwa, na Alhamisi asubuhi vikapelekwa Makindye.

Alhamisi hiyohiyo mchana Zulaikha alichukua kijitabu kimoja kilichoharibika kwenye kukata, akakifungua kwa furaha ya fundi. Akafika ukurasa wa mwisho.

Alikaa juu ya robota la karatasi.

"Hasifa. Maneno ya shukrani uliyaweka wewe?"

"Maneno gani? Mimi sikutumiwa kitu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Maneno yake mwenyewe, na jina lake chini kama aliyetia sahihi kwenye barua, mara mia tatu. Na Jumamosi, saa kumi, kwenye uzinduzi wa albamu, yangefunuliwa Kabalagala mbele ya watu mia mbili, mjomba Abdul-Latif akiwa kiti cha mbele kama mgeni wa heshima. Mjomba angemtoa dukani na kumrudisha Bombo. Watu wangecheka. Na Guerschom, ambaye hakuwahi kusema hata neno moja, angelazimika kujibu kitu mbele ya kipaza sauti. Hilo la mwisho ndilo lililomuuma zaidi. Angekataa kwa adabu, na adabu yake ndiyo ingemmaliza.

Alipiga simu.

"Guerschom, vile viboksi usivifungue."

"Kwa nini, mama?"

"Kuna kosa. Ninakuja kuvichukua."

"Njoo basi," akasema, kwa sauti nzito kuliko inavyostahili habari ya kadibodi.

Walifika Makindye na pikapu, yeye na Hasifa. Guerschom alikuwa amesimama mlangoni mikono mfukoni, na viboksi vimepangwa sebuleni tabaga juu ya tabaga, vinapendeza mpaka vinatia uchungu.

"Kosa gani?" akauliza.

"Rangi. Nyekundu imetoka vibaya."

"Nyekundu mie nimeiona. Ni muzuri."

"Basi gundi. Haikushika."

"Zula." Alimwangalia usoni. "Kosa ni nini?"

Hapo ndipo angesema. Lakini Hasifa alikuwa amesimama pale, na hofu haina akili. "Ni kosa langu tu," akasema. "Kitu ambacho hakikutakiwa kuwa pale. Nitakirekebisha."

Uso wa Guerschom ukafunga kama duka saa ya mvua.

"Kale, sawa. Kama hakikutakiwa, chukua."

Hakuwasaidia kubeba. Jioni Zulaikha alimpigia mara nne na simu iliita mpaka ikachoka.

Ijumaa nzima walibandika stika, mbali na macho ya mjomba. Stika ni aibu ya mpiga chapa. Mjomba Abdul-Latif akiiona popote, hata kwenye dawa ya kikohozi, huikwangua kwa ukucha ajue nani alikosea nini. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, na wino ni vivyo hivyo. Kuchapa upya hakukuwa na muda. Walichapa stika nyeupe yenye maneno mawili, *Asanteni nyote*, wakaifunika aibu ukurasa kwa ukurasa. Kila stika aliyoibandika, Zulaikha aliona kama anajiziba mdomo kwa mkono wake. Akajiambia afadhali hivi. Hakujiamini.

"Mia mbili tisini na tisa," Hasifa akasema walipomaliza.

"Rudia."

Wakarudia. Kimoja hakikuwepo.

Jumamosi Zulaikha alivaa gurbaba ya maua ya rangi ya chungwa, ile nguo ya kujitanda ya kina mama wa Kinubi, akajipaka wanja. Ua wa mkahawa ulikuwa umejaa. Nyuma ya jukwaa palitundikwa tabaga kubwa ya kitambaa, na watu walipoingia waliinyooshea kidole. Alikagua kila mkono uliobeba kiboksi. Kile kimoja kiko wapi? Kwa nani?

Guerschom aliimba vizuri, suti nyeupe, viatu vyeupe, ila hakutazama upande wake hata mara moja. Aliwashukuru wanamuziki, majirani na kanisa. Alimshukuru mzee Abdul-Latif, na mzee, katika kanzu yake na kofia ya darizi, akainua mkono kidogo. Msanifu hakutajwa.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, Zulaikha alipenya kwenye kijia cha jikoni atoroke. Alimkuta Guerschom amesimama hapo, kola imelowa jasho.

"Unakimbia wapi?"

"Nyumbani. Kazi imekwisha. Guerschom, kiboksi kimoja kilipungua."

"Hakikupungua." Akakitoa mfukoni mwa koti. "Mie nilikificha kabla hamjafika. Sikutaka muvifute vyote."

"Umesoma."

"Nilisoma siku ya pruf. Mara tatu. Halafu nikatia saini."

"Lakini ulikuwa unaangalia mlangoni."

"Nilikuwa naangalia kama mjomba anapanda ngazi. Wewe ndiye ulinifundisha sheria ya barabara yenu. Aliyetia saini amekubali. Nikakubali. Nikasema, huyu msichana ameniambia kwa kazi yake, na mie nimemjibu kwa kalamu. Nikangoja useme neno. Badala ya neno, ukaja na pikapu." Sauti yake ilishuka. "Nikafikiri umejuta. Mukongomani ni wa kusikiliza akiimba, si wa kupeleka nyumbani."

"Sikujuta." Machozi yalikuwa yanaharibu wanja na hakujali. "Niliogopa. Nilisahau kufuta, halafu niliona utanikataa mbele ya watu. Ninakupenda, wewe mtu wa viatu vyeupe. Nimekupenda tangu ile kadi."

Guerschom akacheka, kile kicheko kinachomfanya mtu akate karatasi upande, kisha akatoa karatasi iliyokunjwa. Ilichapwa, kipimo kilekile cha ukurasa wa shukrani.

"Nimeenda kwa jirani yenu jana. Soma vizuri. Ni pruf."

*Zulaikha Marjan, nilikanyaga harusi ya watu, sasa naomba yetu. Nitafika Bombo na wazee wa Makindye. Najua nitaulizwa habari ya dini. Nitajibu mwenyewe, na sitakuficha nyuma ya wimbo.*

Chini palikuwa na mstari mtupu wa saini.

Alisoma mara moja, mara mbili, mara tatu, kama fundi anavyotakiwa kusoma.

"Hakuna tarehe," akasema. "Pruf isiyo na tarehe kwetu haipiti."

"Tarehe si yangu. Ni ya mjomba."

Wote wawili wakageuka. Kule uani, kwenye kiti cha mbele, mzee Abdul-Latif alikuwa amevaa miwani yake, kijitabu kimefunguliwa magotini ukurasa wa mwisho, na ukucha wa kidole chake ulikuwa umeshainua pembe ya stika. Aliikwangua polepole, kwa subira ya miaka arobaini ya kazi. Stika ikatoka nzima.

Zulaikha aliona midomo ya mjomba ikisogea mstari kwa mstari. Bado alikuwa na muda wa kukimbilia jikoni, na mlango ulikuwa wazi.

"Nipe kalamu," akasema.

Aliegemeza karatasi ukutani akatia saini, kwa herufi za jina lake lote. Alipomaliza, mjomba alikuwa amefika kwenye herufi ndogo. Akainua kichwa, akautafuta uso wake katika umati mpaka akauona pale mwanzoni mwa kijia, akavua miwani.

"Zulaikha."

"Naam, mjomba."

Akaenda, karatasi mkononi, wino haujakauka, na nyuma yake akasikia viatu vyeupe vikimfuata.