Aliyepanda Botini

Kilichomshtua muuguzi kwanza ni viputo. Wote watatu walikuwa chini ya maji, ubavuni mwa mwamba wa matumbawe, na kila alipopumua viputo vilimtoka mdomoni vikakimbilia juu. Vya mwongozaji wao wa kuzamia navyo vilipanda. Lakini mdogo wake, aliyekuwa amewapa mgongo mbele ya ufa mweusi, hakutoa hata kimoja.

Alidhani ni macho tu. Mambo ya kuzamia hakuyajua, na asubuhi yote hiyo alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mwongozaji kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Likizo yenyewe aliitaka mdogo wake, ambaye nyumbani walimwita Kidoti kwa alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Tangu mama yao afariki, muuguzi ndiye aliyemlea, na neno "hapana" lilikuwa halimtoki mbele ya mtoto huyo, hata sasa alipokuwa mwanamke mzima aliyemaliza chuo.

Mwongozaji, mtu mpole asiye na maneno mengi, alikuwa amewaonya tangu botini wasitie mkono ufani. Kidoti alicheka, akauliza kama ufa una meno. Sasa mkono wake ulikuwa umezama humo hadi kwapani.

Mwongozaji alimvuta bega. Kidoti akageuka polepole, akawatazama mmoja mmoja kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba akakuta wageni asiowajua. Kisha viputo vikaanza kumtoka, vingi, kwa pupa, kama mtu anayejaribu kuiga.

Walipopanda botini, mtungi wa hewa wa Kidoti ulikuwa umejaa kama alivyoshuka nao. Mwongozaji alikigonga kipimo kwa kidole, akakigonga tena, akasema kimeharibika. Hakumtazama mtu usoni aliposema hivyo.

Kwenye nyumba ya wageni, Kidoti hakuoga wala hakutaka kula. Alijilaza kitandani akiikodolea macho dari, na dada yake akakaa kwenye kiti kando ya dirisha, jua la mchana likiwaka nje. Chumba kilianza kunuka, kwanza kama nguo iliyosahauliwa kwenye ndoo, halafu kama maua yaliyooza. Shuka lililowa. Muuguzi alilibadilisha, nalo la pili likalowa, maji yakawa yanadondoka sakafuni, tone, kimya, tone, ilhali ngozi ya mdogo wake ukiigusa ilikuwa kavu kama karatasi.

Ni kazi yake kutazama watu wanavyopumua. Miaka yote wodini alifanya hivyo bila hata kufikiri. Ndiyo maana macho yake yalienda yenyewe kwenye kifua cha Kidoti, akangoja kiinuke, akaendelea kungoja, akajiambia kitapanda sasa hivi, akashika ukingo wa kiti mpaka vidole vikamuuma, na kifua kile hakikupanda mpaka aliyelala pale alipomwona anamtazama, ndipo kikapanda na kushuka haraka haraka, kwa sababu aliyekuwa pale alikuwa anapumua pale tu alipokumbuka.

"Huku juu," Kidoti akauliza kwa sauti ya chini, "mnavuta hewa hata mkilala?"

"Kidoti, unasema nini?"

"Ndilo jina lake?"

Aligeuza uso kwenye mto. Ile alama nyeusi ilikuwa kwenye shavu la kulia. Mdogo wake alizaliwa nayo kwenye la kushoto.

Muuguzi alitoka chumbani kinyumenyume. Kwenye ujia alimkuta mwongozaji amesimama, bado na nguo zake za kazi, pamoja na mama mmoja mnene mwenye mkoba wa plastiki, aliyekuwa akizilaani ngazi na magoti yake. Mwongozaji alisema kwa kunong'ona kwamba huyu ni mtibabu wa watu walioingiwa na majini, na kwamba amemfuata moja kwa moja kutoka botini. Muuguzi hakuuliza amejuaje.

Mtibabu alifunga madirisha, akawasha fukizo, akaketi kitandani kama anayemtembelea mgonjwa wa kawaida. Alimuuliza yule aliyelala kwao ni wapi, na anataka nini. Moshi ulipomfikia puani, alijikunja, na sauti iliyotoka haikuwa ya Kidoti tena. Ilikuwa nzito, ya mbali, kama inayopita kwenye bomba.

"Sikumwiba. Alinipa mkono mwenyewe."

"Yuko wapi?" mtibabu akauliza.

"Amekaa kwangu. Ananisubiri."

Walivutana muda mrefu. Lile jini lilisema haliondoki, kwa kuwa huku kuna jua. Mtibabu akaongeza fukizo na kumsomea sikioni bila kupumzika, jasho likimtiririka, mpaka likalia na kukubali kurudi. Lakini lilitoa sharti: aliyenyonya ziwa moja na Kidoti aende akamchukue mwenyewe. Na mtibabu akamwambia muuguzi kwamba jua likizama kabla hawajafika, mlango ule wa ufani haufunguki tena.

Boti ilipowarudisha mwambani, muuguzi alishuka majini akiwa ameshika mkono wa kitu kisichopumua. Hofu ya kina ilikuwa imemtoka; mahali pake palikuwa na hofu nyingine. Ufani, kile kitu kilitumbukiza mkono wake wa pili, naye akahisi vidole alivyovishika vikilainika, vikiteleza, vikibadilika, akavibana kwa nguvu zake zote. Ghafla vidole hivyo navyo vikambana, na wingu la viputo likalipuka usoni mwake.

Botini, Kidoti alikohoa, akalia, akajificha kifuani kwa dada yake. Alama ilikuwa kwenye shavu la kushoto. Boti ilipoanza kurudi, alisimulia kwamba mle ndani mlikuwa kama sebule, na watu wengi wameketi wameegemea kuta, kimya. Kijana mmoja mwenye jino lililovunjika alimshika mkono, akimsihi asisinzie.

Mwongozaji alipunguza mwendo.

"Alikwambia nini kingine?"

"Aliniuliza kama kaka yake bado anaendesha boti."

Mwongozaji alisema mdogo wake, mwenye jino kama hilo, alizama pale miaka kadhaa iliyopita. Walimtafuta mpaka wakakata tamaa, halafu akaibuka mwenyewe, anatabasamu, na kwa furaha hakuna aliyemuuliza kitu. Sasa ni fundi wa injini za boti. Ana mke. Ana mtoto.

Gatini, fundi huyo alikuwa amesimama akiwasubiri, binti yake mdogo mabegani, mkono mmoja ameunyoosha.

"Rusha kamba, kaka," alisema.

Mtoto alimpungia baba yake mkubwa mkono. Mwongozaji aliishika kamba, asiirushe.